Zizi la Hirola

Mkulima wa kando ya Mto Tana akitaka kumzuia mbuzi wa jirani asile nyanya zake, hukata matawi ya mgunga, akayarundika kuzunguka shamba, na kazi imekwisha. Mbuzi hapiti. Twiga ni habari nyingine. Yeye husimama nje ya ua huo huo, akainua shingo kama mtu anayechungulia uani kwa jirani, kisha akatoa ulimi wa sentimita 45 hivi na kuanza kuchuma. Hula majani ya mwembe, na msimu ukiwa umeiva hula maembe yenyewe. Mwenye shamba hupiga debe na kelele. Twiga huondoka taratibu, bila aibu yoyote, akarudi kesho.

Huu ndio ugomvi wa bustani ulio wa kawaida Garissa. Mji umekaa kwenye ukingo wa mto ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, katika nchi kavu inayopata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka, na mvua yenyewe haina ahadi. Kijani cha kudumu ni ule ukanda mwembamba wa migomba, miembe, matikiti na mipapai unaofuata maji. Ukitoka hapo kilomita chache ni vichaka, mchanga mwekundu na jua. Kwa hiyo mtu na mnyama wana anwani moja wakati wa kiangazi: mtoni.

Huko Uingereza tangu mwaka 2011 kumekuwa na kampeni ya kuwaomba watu watoboe tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya ua wa bustani zao, ili kalunguyeye apite kutoka uwanja mmoja hadi mwingine usiku akitafuta wadudu. Maelfu kwa maelfu ya familia zimefanya hivyo, mtaa kwa mtaa, jirani akimshawishi jirani. Kalunguyeye wapo Garissa pia, wa aina nyingine, na hawana shida ya matundu. Nyua za miiba ni matundu matupu. Hapa hifadhi ya mnyama inaanza na maswali tofauti kabisa: maji yako wapi, majani ni ya nani, na usiku nani analinda mlango.

Maswali hayo mfugaji wa Kisomali anayajua tangu utotoni, kwa sababu ndiyo maswali ya zizi. Zizi, au xero kama linavyoitwa kwa Kisomali, ni duara la matawi ya miiba yaliyopangwa shina ndani na ncha nje, marefu kiasi cha kumkatisha tamaa simba na mazito kiasi cha kumchelewesha fisi. Ndani yake kuna zizi dogo la ndama na wana-mbuzi. Mlango ni tawi moja kubwa linaloburutwa wakati wa magharibi, ng'ombe wa mwisho akishaingia. Watu waliolijenga zizi la namna hiyo kwa karne nyingi ndio waliokuja kujenga, huko Ijara katika kaunti hii ya Garissa, zizi la mnyama ambaye hakamuliwi wala hachinjwi.

Mnyama huyo ni hirola. Kwa mbali anafanana na kongoni, na kwa kweli ni ndugu yake na wa nyamera, lakini ana ukoo wake peke yake: ndiye pekee aliyebaki katika jenasi ya Beatragus. Rangi yake ni ya mchanga. Uzito wake ni kati ya kilo 80 na 118. Usoni ana mstari mweupe unaopita kutoka jicho hadi jicho, mithili ya miwani, na chini ya kila jicho ana tezi nyeusi iliyotokeza, ndiyo maana wengine humwita mnyama wa macho manne. Wasomali humwita arawla, jina ambalo sikio hulisikia mara moja katika hifadhi ya Arawale, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili yake. Katika miaka ya 1970 alihesabiwa kwa maelfu, kama 14,000. Sotoka ya miaka ya 1980 iliwafyeka. Ujangili, ukame na simba vikaendelea na waliobaki. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilipata hirola 497 katika Kenya nzima. Akitoweka huyu, itakuwa mara ya kwanza katika zama hizi kwa bara la Afrika kupoteza jenasi nzima ya mamalia.

Wazo la kwanza la serikali lilikuwa kumhamisha. Mwaka 1963 kundi dogo lilipelekwa Tsavo Mashariki, mbali na makwao. Mwaka 1996 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitaka kurudia zoezi hilo, na hapo likakutana na jambo lisilotarajiwa. Wakazi wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu Nairobi kuzuia hirola wao wasichukuliwe. Kesi ya madai namba 2059 ya mwaka huo bado hutajwa katika vitabu vya sheria ya mazingira Afrika Mashariki. Hoja ya walalamikaji ilikuwa kwamba mnyama huyo ni sehemu ya ardhi yao na zawadi ya nchi yao. Mahakama iliwakubalia zuio. Ilisema sheria iliipa KWS kazi ya kuhifadhi wanyama katika hali yao ya asili, na kumbeba mnyama kutoka kwao kumpeleka kwingine si kumhifadhi katika hali hiyo.

Inafaa msomaji atue kidogo hapo. Wafugaji ambao kila ripoti ya zama hizo iliwaandika kama tatizo, kwa sababu mifugo yao inakula nyasi za hirola, walisafiri zaidi ya kilomita 350 kwenda kumtetea hirola mbele ya jaji. Hawakufanya hivyo kwa kusoma makala ya sayansi. Huko Ijara kuna imani ya miaka mingi kwamba malisho anayoyachagua hirola ni malisho mema kwa ng'ombe, na kwamba nchi iliyo naye ina baraka. Mwanasayansi anaweza kulisema hilo kwa lugha yake: hirola hula nyasi fupi changa, na ng'ombe naye huzipenda hizo hizo. Mzee wa huko amelisema kwa maneno machache zaidi.

Lakini kushinda kesi si kumlinda mnyama. Ilichukua miaka mingine kumi hivi kabla jamii za Hara, Korisa na Kotile kutenga sehemu ya ardhi yao kwenye ukingo wa mashariki wa Tana na kuiita Hifadhi ya Jamii ya Ishaqbini. Hifadhi ya jamii si mbuga ya serikali. Ardhi inabaki ya jamii, bodi inachaguliwa na jamii, askari wa doria ni vijana wa pale pale wanaojua kila njia ya ng'ombe, na mifugo huruhusiwa kwa utaratibu. Muungano wa hifadhi za jamii wa kaskazini, NRT, ulisaidia kutafuta fedha na mafunzo. Kazi ngumu zaidi, ile ambayo haina picha nzuri ya kuweka kwenye kalenda, ilifanyika chini ya miti: baraza baada ya baraza, ukoo kwa ukoo, mpaka ikaeleweka ni eneo gani litafungwa, ng'ombe watapita wapi, na mwaka wa ukame itakuwaje.

Anayedhani vikao hivyo ni porojo za kupoteza muda aangalie Isiolo. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab katika kaunti hiyo jirani ziliundwa kinyume cha sheria, baada ya wananchi kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Hifadhi ya mnyama iliyojengwa juu ya ardhi ya watu bila watu wenyewe ni nyumba isiyo na msingi, hata kama uzio wake ni wa chuma.

Kufikia mwaka 2011 idadi ya hirola ilikadiriwa kuwa chini ya 500, na Ishaqbini ikafikia uamuzi wa zizi. Eneo la takriban kilomita za mraba 25 ndani ya hifadhi lilizungushiwa ua wa kuzuia wanyama walao nyama. Agosti 2012 hirola 48 walikamatwa na kuingizwa ndani.

Ua wa namna hiyo una siri zake, na anayetaka kuiga azijue. Waya wa juu unamzuia simba anayeruka, lakini adui wa kweli yuko chini. Fisi huchimba. Ngiri huchimba zaidi, tena bila nia mbaya. Anatafuta tu njia ya kupita, na tundu la ngiri leo ni mlango wa chui kesho. Kwa hiyo wavu lazima ufukiwe ardhini au ulazwe chini kuelekea nje, na lazima pawe na mtu anayetembea kando yake kila siku, asubuhi na jioni, akitazama udongo badala ya kutazama wanyama. Tawi likianguka kwenye waya wa umeme, umeme unakufa. Nyasi zikigusa waya, umeme unapungua. Korongo likijaa maji wakati wa mvua, linang'oa nguzo. Yeyote aliyewahi kusimamia mradi wa jamii anajua kwamba ni rahisi kupata mfadhili wa kujenga ua kuliko kupata mfadhili wa mshahara wa yule anayetembea kando yake. Mfadhili hupenda uzinduzi. Matengenezo hayana utepe wa kukata.

Ndani ya ua, hirola walizaana. Ndama ambao nje wangeishia mdomoni mwa simba, duma au mbwa mwitu walikua. Katika miaka michache idadi ikapita 100. Kwa mnyama aliyekuwa akipungua kwa miaka 40 mfululizo, hilo ni jambo kubwa, na lilifanyika katika ardhi ya wafugaji, kilomita chache kutoka walikozaliwa hirola hao.

Ishaqbini ilipata umaarufu duniani kwa mnyama mwingine kabisa. Mwaka 2017 walionekana huko twiga weupe, mama na ndama wake, weupe kwa hali ya kimaumbile iitwayo lusizimu, ambayo huondoa rangi ya ngozi na manyoya lakini huyaacha macho na rangi yake. Picha zao zilizunguka dunia. Machi 2020 hifadhi ilitangaza kwamba jike na ndama wake mmoja walikuwa wameuawa na majangili. Kilichopatikana kilikuwa mifupa. Alibaki dume mmoja. Novemba mwaka huo alifungwa kifaa cha GPS kwenye pembe yake ili askari wajue alipo. Hilo nalo ni fundisho kuhusu nyua: twiga hao hawakuwa ndani ya zizi la hirola, walikuwa nje, katika eneo kubwa ambalo hakuna waya unaoweza kulizunguka.

Turudi kwa twiga wa kawaida, basi, wale wa miembe. Twiga wa Kisomali, mwenye ngozi kama vigae vyekundu vilivyotenganishwa kwa mistari myeupe, ni wa Kenya kaskazini kuliko popote pengine. Kusini kidogo ya mji wa Garissa, huko Bour-Algi, jamii imetenga hifadhi ya twiga ambayo haina ua. Twiga wanakaa hapo kwa hiari yao, pamoja na swala twiga, tandala wadogo, kuro, ngiri na digidigi. Kivutio ni mto na usalama: jangili hapendi kufyatua risasi mahali ambapo watu watasikia. Mnyama amekuwa jirani wa mji kwa sababu mji unamlinda bila kujua.

Lakini ukame huvunja ujirani. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilishindikana mfululizo. Desemba 2021 karibu na kijiji cha Eyrib, katika hifadhi ya jamii ya Sabuli huko Wajir, twiga sita walikufa wakiwa wamenasa kwenye tope la silanga lililokuwa limekauka karibu lote. Picha yao, iliyopigwa kutoka juu, ilichapishwa na magazeti ya dunia nzima. Walikuwa tayari wamedhoofika kwa njaa, wakaingia kutafuta maji ya katikati, wasiweze kutoka.

Kwa mjenzi wa miradi, picha ile ni somo la ufundi. Twiga hanywi kama ng'ombe. Shingo yake, pamoja na urefu wake wote, haifiki chini akiwa amesimama wima. Lazima atanue miguu ya mbele pande mbili au akunje magoti. Akiwa katika hali hiyo juu ya tope, kwato zinateleza, na mnyama wa mamia ya kilo hana njia ya kujiinua. Silanga lililochimbwa kwa trekta likiwa na kingo za ghafla na sakafu ya udongo mfinyanzi ni mtego kwake. Silanga hilo hilo likipewa upande mmoja wenye mteremko mpole, ukatandikwa kokoto na mawe, linakuwa mahali pa kunywea. Gharama inayoongezeka ni siku chache za mikokoteni ya punda. Bora zaidi ni birika la saruji lililoinuliwa, likijazwa kwa bomba au lori, mbali na birika la mifugo ili wasigombane. Katika ukame ule, watu wa Garissa walibeba maji kwa malori na kuyamwaga kwenye mabirika ya wanyamapori wakati wao wenyewe walikuwa wakinunua maji kwa mtungi. Hakuna sheria iliyowalazimisha.

Birika lililo mbali na mto lina faida ya pili, nayo inamhusu yule mwenye miembe. Twiga anayepata maji kilomita kumi kutoka mashambani hana haja ya kupita kwenye mashamba kila jioni. Njia za wanyama kwenda mtoni, zile ambazo zimezibwa na nyua mpya na mathenge, mti wa kigeni ulioletwa Kenya miaka ya 1970 ukageuka kuwa balaa la kingo za Tana, zinahitaji kufunguliwa kwa makubaliano: shamba hili linaishia hapa, lile linaanzia pale, na katikati anapita mwenye shingo. Kamati ikikaa na wakulima wa mstari mmoja wa mto wakakubaliana njia moja kwa kila kilomita kadhaa, wote wamepona. Mmoja akikataa, twiga wa wote wanapita kwake.

Hata hivyo maji na ua si mwisho wa habari, na hapa ndipo kazi ya Abdullahi Hussein Ali inapoingia. Ali ni mtoto wa Garissa, mwanabiolojia aliyesoma hadi shahada ya uzamivu Marekani katika Chuo Kikuu cha Wyoming, akarudi nyumbani kuanzisha Mpango wa Uhifadhi wa Hirola. Yeye na wenzake walilinganisha picha za satelaiti na kukuta kwamba kati ya 1985 na 2012 miti iliongezeka kwa asilimia 251 katika eneo la hirola. Msomaji wa mjini, aliyezoea kuambiwa panda miti, atashangaa mti kuwa mashtaka. Lakini hirola ni mla nyasi wa uwanda wazi. Tembo waliokuwa wakiangusha miti waliuawa na majangili, ng'ombe wakala nyasi mpaka moto wa porini ukakosa cha kuchoma, na vichaka vikajaza nafasi. Simba naye hupenda kichaka, ndimo anamojificha.

Watafiti hao walimwita hirola spishi mkimbizi, yaani mnyama aliyesukumwa kutoka makao yaliyomfaa akabaki kwenye makao ya shida, na dunia ikadhani hapo ndipo kwake. Neno hilo lina uzito wake Garissa, kaunti yenye Dadaab, ambako kambi za wakimbizi zilizofunguliwa mwaka 1991 kwa muda mfupi zimeona wajukuu wakizaliwa. Watu wa huku hawahitaji kuelezwa tofauti ya hema na nyumba.

Mapendekezo ya watafiti hao yalikuwa manne: kulinda tembo, kukata vichaka kwa mikono, kupanda nyasi na kupunguza idadi ya mifugo. Matatu ya kwanza yanazungumzika barazani. La nne ni la kusema kwa sauti ya chini. Kumwambia mfugaji apunguze ng'ombe ni kumwambia apunguze akiba, mahari na heshima kwa siku moja, na mradi unaoanza na sentensi hiyo huishia hapo hapo. Ule unaoanza na nyasi una bahati zaidi, kwa kuwa nyasi zinazomrudisha hirola ndizo zinazonenepesha ng'ombe. Ndiyo sababu vijana wa huko wamelipwa kukata vichaka na kumwaga mbegu za nyasi za asili kwenye viwanja vilivyokuwa vumbi.

Mwenye ua mdogo mjini naye ana nafasi yake, ingawa si ya hirola. Rundo la miiba lililobaki baada ya kutengeneza zizi, likiachwa pembeni badala ya kuchomwa, ndani ya majuma machache lina wakazi: kalunguyeye mchana amejikunja chini yake, mijusi juu, na ukiwa pembezoni mwa mji hata digidigi hulala kivulini mwake. Mwarobaini wenye tundu usikatwe. Kwera hutundika viota kwenye mgunga wa uani na hawataki msaada zaidi ya kuachwa. Sahani ya maji yenye jiwe katikati, ili ndege na nyuki wasizame, ikibadilishwa kila asubuhi, inatosha kuwakusanya kwezi wa mtaa mzima. Mtoto wa shule apewe kazi ya sahani. Ataifanya vizuri kuliko kamati.

Na huko Ijara, kati ya hirola 497 wa ile sensa, wengi waliishi nje ya ua, katika malisho ya wazi pamoja na ng'ombe. Wao wanasubiri nyasi. Mvua za Deyr huanza Oktoba, na mbegu hutakiwa ziwe ardhini kabla ya tone la kwanza. Kamati yenye kiwanja, mapanga na magunia ya mbegu iitishe watu Septemba.